Bi Namba wa Dirisha la Majibu

Shangazi yangu hakuwahi kuipenda kompyuta. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye wapo watu waliomzungumzia kana kwamba ni jambazi wa mitandaoni, yeye ambaye akibonyeza kitu kikachelewa kufunguka huondoa mkono haraka na kusema, "Mimi sijagusa." Kazi yake ilikuwa mapokezi ya maabara ya hospitali. Alipokea sampuli, akaandika majina ya wagonjwa, akatoa majibu. Alikuwa pale tangu mimi nikiwa msichana wa shule, na mshahara wake ndio ulionilea na kuninunulia cherehani inayonilisha mpaka leo, maana baba yangu, ambaye ni kaka yake, alitutoka mapema na mama hakukaa sana nyuma yake.

Chumba chake kilikuwa chembamba, chenye madirisha mawili. Moja lilitazama ukumbini, wanakokaa wagonjwa na jamaa zao kwenye mabenchi ya chuma. La pili lilikuwa mgongoni kwake, likiingia maabara yenyewe. Hili la pili lilikuwa la kioo cha ukungu chenye tundu chini, la kupitishia vichupa na karatasi. Mtu akisimama upande wa ndani, wewe uliyeko mapokezi unaona kivuli tu. Na kwa kuwa wataalamu wa ndani walivaa barakoa muda wote, hata sauti zao zilitoka za puani, zote ndugu moja.

Basi hospitali ikaleta mfumo mpya wa kuhifadhi majibu, na mfumo huo ulikuwa na wasiwasi kuliko mke mwenza. Nenosiri peke yake halikutosha. Ukishaliandika, mfumo ulituma namba kwenye simu yako, nawe sharti uiandike kabla haijaisha nguvu. Tena haukukubali kompyuta yoyote tu, ulikubali zile zilizosajiliwa, kila moja kwa jina la mahali ilipo, na kompyuta ngeni iliachwa mlangoni hata kama ni ya daktari mkuu. Mwalimu aliyekuja kuwafunza alijisifu kwamba sasa mfumo utamjua kila mtu kwa nenosiri lake, simu yake na kompyuta anayoitumia, na kwamba likitokea la kutokea, hakutakuwa na ubishi ni nani kafanya nini.

Alichosahau kuuliza ni kitu ambacho hata mfagizi angemwambia: ndani ya maabara simu haziingii. Ni sheria ya siku nyingi, kwa ajili ya vijidudu. Simu zinabaki kwenye makabati mlangoni. Kwa hiyo mtaalamu akitaka kuingia kwenye mfumo ilimbidi avue glovu, avue koti, anawe mikono, atoke, asome namba, arudi, avae tena vyote, na akifika mbele ya kompyuta namba imeshakufa. Walihangaika hivyo siku chache, wakatukana vya kutosha, mpaka mmoja wao akakumbuka kwamba mapokezi simu inaruhusiwa. Wakaenda wote, mmoja mmoja, wakaandikisha namba ya simu ya shangazi yangu kuwa ndiyo namba yao.

Hakuna aliyeona ubaya. Mimi mwenyewe aliponisimulia nilicheka. Toka hapo kila asubuhi kivuli kilikuja kwenye kioo cha ukungu, vidole vikagonga, sauti ya puani ikasema, "Bi mkubwa, namba," naye akaitazama simu yake na kuisoma kwa sauti. Hakuuliza nani. Angeuliza ya nini, wote walikuwa wake. Wakambatiza Bi Namba, na jina likamkaa. Alilipenda, wacha nisifiche. Mwanamke aliyekaa miaka yote akiitwa "wewe wa mapokezi" leo hata mkuu wa maabara haingii kazini mpaka yeye afungue kinywa. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaniambia amewafungulia wote, na alivyosema ungedhani ana funguo za benki kiunoni.

Huyu shangazi yangu ana ugonjwa wa kusaidia. Kompyuta ya ndani, ile ya kwenye meza ya majibu, ilipoharibika, fundi wa kompyuta alisema nyingine mpya itasubiri idhini kutoka juu, na huko juu idhini hulala. Shangazi akamwambia achukue ya mapokezi, yeye anaandika majina tu, apewe kikuukuu chochote. Fundi akaibeba mwenyewe kifuani, akaiweka ndani, akamtolea shangazi zee moja kutoka stoo na kuliandikisha kwa jina lolote lililokuwa wazi. Ile aliyoihamisha alitakiwa kuibadilishia jina kwenye mfumo. Akasema atafanya akipata nafasi. Mpaka siku ya balaa hakuwa ameipata, na kwa macho ya mfumo kompyuta ile iliyokuwa ndani ya maabara, wanakoiandikia majibu, iliendelea kuitwa Mapokezi.

Mwingine wa kumjua ni yule waliyemwita Muhuri. Huyu alikuwa mtaalamu mwandamizi, na ndani ya mfumo ni yeye tu aliyeweza kupitisha majibu yakatoka. Bila yeye, majibu yalikaa yakisubiri kama wagonjwa wenyewe. Basi alipokwenda kumzika mkwewe, aliwaachia wenzake nenosiri lake, ili kazi isilale. Alifanya hivyo kila aliposafiri, na kila mtu alimshukuru.

Katika siku hizo za msiba wa Muhuri kulikuwa na mama mmoja aliyekatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi kikapimwe. Binti yake, anayeuza viatu dukani, ndiye aliyekuja kufuatilia. Alikuja tena na tena, akisimama dirishani na mkoba kaukumbatia, na shangazi akamzoea. Majibu ya mama yule yalikuwa mabaya. Lakini mtu fulani mle ndani, kwa haraka au kwa uchovu, aliandika kwenye jina lake majibu ya mwanamke mwingine ambaye alikuwa mzima, kisha akayapitisha kwa jina la Muhuri. Karatasi ikatoka. Kwa taratibu inatiwa kwenye bahasha, inafungwa, inapelekwa kwa daktari, na mtu wa mapokezi hana ruhusa hata ya kuitupia jicho. Shangazi alitupa jicho. Alikuwa na tabia hiyo, akiona majibu ni mema hawezi kujizuia. Akamwita binti, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mshukuru Mungu, mwanangu. Mama yako hana kitu."

Binti alilia pale pale dirishani kwa furaha. Shangazi aliporudi nyumbani aliniambia na yeye machozi yalimtoka.

Yule mama akarudi kwenye maisha yake. Alipokuja tena hospitali alikuwa anabebwa, na ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Hakukaa sana.

Familia iliuliza, na ilikuwa na haki ya kuuliza. Hospitali ikaunda kamati, na kamati ikamwambia fundi wa kompyuta atoe kumbukumbu za mfumo. Mfumo ukasema bila kumung'unya: aliyeingia ni Muhuri, kwenye kompyuta ya Mapokezi, kwa namba iliyotumwa kwenye simu ya Bi Namba. Muhuri akasema yeye alikuwa makaburini, watu wanampa pole, na mashahidi anao. Nenosiri je? Akasema hajawahi kumpa binadamu yeyote nenosiri lake. Alisema hivyo kwa macho makavu, na wale aliowapa walikuwa wamekaa naye meza moja. Ukishamtoa Muhuri, anabaki nani? Inabaki kompyuta ya mapokezi na simu ya mapokezi, na mapokezi ni mtu mmoja.

Nilimsindikiza siku ya kikao. Mimi niliachwa nje, lakini mlango ule haukufungika vizuri na masikio yangu ni mazima. Walimuuliza alimsomea nani namba ile. Akasema alimsomea aliyegonga. Nani aliyegonga? Akasema yeye huona kivuli. Mwenyekiti akageukia wale wengine, akawauliza mmoja baada ya mwingine kama kuna aliyeomba namba kwa jina la Muhuri. Hakuna aliyekumbuka. Mabingwa wa kukumbuka majina ya vijidudu ambayo mimi siwezi hata kuyatamka, siku hiyo wote walipatwa na usahaulifu. Shangazi akasema kompyuta ile haipo kwake, iko ndani, imehamishwa. Fundi akaulizwa. Nikasikia sauti yake ikisema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, kompyuta hiyo ni ya mapokezi. Mwenyekiti akamshukuru.

Wangeweza kunyanyuka, wakatembea hatua chache mpaka ndani ya maabara, wakasoma kibandiko cha usajili kilichoko nyuma ya kompyuta ile. Hakuna aliyenyanyuka. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuwachukia, na sijaacha.

Njiani nilimuuliza kama kweli hakuitambua ile sauti. Tulipofika nikampa maji, akanywa. Akaniambia anaidhania. Kuna mmoja ambaye hupumua kidogo kabla ya kusema "namba," na siku ile alisikia pumzi. Nikamwambia basi amtaje, tunangoja nini? Akasema hawezi kumtia mtu kitanzini kwa pumzi. Atasema mwenyewe, akaniambia, yule ni mtoto wa watu wazuri, nafsi itamsuta. Nilimwambia nafsi za siku hizi zina likizo. Hakucheka.

Wakamsimamisha kazi. Akakaa nyumbani, chumba cha mbele, karibu na cherehani yangu, akinisaidia kutia vifungo. Lakini vifungo alivitia vibaya, na kila nilipofumua bila kumwambia aliniona. Majirani waliacha kuja, kisha wakaanza kuja sana, na sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Fundi viatu wa barazani petu aliniuliza kama ni kweli shangazi alikuwa akiuza majibu. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika.

Na katika hali hiyo simu yake ikawa bado inaleta namba. Naapa. Walimfukuza mtu kama mwizi na hakuna aliyekumbuka kuondoa simu yake kwenye mlango. Kila asubuhi ilitikisika mezani, namba ya mmoja, namba ya mwingine, naye aliitazama bila kuigusa. Halafu ikaita. Nilipokea mimi. Sauti ya kike, laini, ikasema samahani, tumekwama, tunaomba Bi Namba atusomee, kuna wagonjwa wanasubiri. Nilivuta pumzi ili nianze, na mdomo wangu nikiuachia hauna breki. Shangazi akanyoosha mkono, akaichukua simu, akasoma namba taratibu kama alivyozoea. Kisha akaikata na kuendelea na vifungo.

"Wagonjwa hawajanikosea," akasema.

Baada ya hapo akaja fundi wa kompyuta, ametumwa aondoe namba ile. Alihitaji simu mkononi ili kuthibitisha. Alikuja na kikoti chake kile kile cha kazini, akamwamkia shangazi vizuri, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayekaa juu ya mayai. Alipomaliza alichotumwa nilimfuata mpaka nje, nikamshika mkono wa shati. Nikamuuliza kompyuta iko wapi.

"Dada, kompyuta iko ndani," akasema. "Niliibeba mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Kuhamisha kompyuta bila kubadilisha usajili ni kosa la kufukuzwa. Nina watoto, dada. Bi Namba hana mtoto wa kumsomesha, na muda wake wa kustaafu umekaribia. Wamesema hawatampeleka polisi."

Alivyosema "wamesema" nikajua walikaa, wakahesabu nani anabebeka kwa urahisi. Nikamwachia shati. Alibaki amesimama pale, nadhani alitaka nimpe ruhusa ya kwenda. Sikumpa, akaenda.

Sikumficha shangazi. Nilimweleza yote, nikasema sasa tuna mtu aliyekiri, twende kwa wakili, twende kwa mkuu, twende redioni. Akasema fundi atakana, na kweli angekana. Lakini niliona kitu kimemwinua kidogo, kwa sababu alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Kuna siku aliniuliza kama inawezekana mtu akafanya jambo na asijue. Mfumo ukirudia jina lako mara nyingi, hata wewe unaanza kuuamini.

Sasa kilichokuwa kinamtafuna hakikuwa kazi tena. Kazi aliishaizika. Alikuwa anamfikiria yule binti muuza viatu. Alisema asubuhi, akasema jioni: je, yule mtoto anaamini kwamba mimi niliandika vile? Hilo tu. Dunia nzima ingeweza kumwona vyovyote itakavyo, lakini alitaka yule mmoja ajue kwamba siku ile dirishani alikuwa amefurahi naye kwa moyo mweupe. Alitaka kumwendea. Nikamkataza, nikaogopa wangempiga.

Binti akaja mwenyewe. Ilikuwa mchana, nimefungua mlango kwa ajili ya mwanga wa kushonea. Alisimama kizingitini na bahasha kubwa chini ya kwapa, amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Shangazi alimtambua kabla yangu. Akasimama, akataka kumkumbatia, mikono ikamrudi.

Alikaa. Hakunywa maji. Alitusimulia kwamba amezunguka kwa kila mtu. Mkuu wa maabara alimwonyesha karatasi ya mfumo. Muhuri alimwonyesha karatasi ile ile. Fundi wa kompyuta alimchapia nakala nyingine, safi zaidi. Wote walikuwa wapole, wote walimpa pole, na kila alipouliza ni nani, walimnyooshea mstari kwenye karatasi. Alizitoa kwenye bahasha akaziweka juu ya sare za shule nilizokuwa nimekata.

"Nimechoka kusoma karatasi," akasema. "Nimekuja kuuliza mtu. Ni wewe?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu ulimini: kompyuta iliyohamishwa, nenosiri la Muhuri, yule mwenye pumzi. Shangazi akaniwekea mkono gotini na kuukandamiza, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko nilivyoujua.

"Sikuandika mimi majibu ya mama," akasema. "Lakini aliyeandika aligonga kwangu, nikamsomea namba ya kuingilia, na sikumuuliza yeye ni nani. Sikuwahi kumuuliza mtu. Halafu nikakwambia kwa mdomo wangu mama hana kitu, na haikuwa kazi yangu kukwambia. Hayo ni ya kwangu. Ningekuwa nimeuliza, pengine mama yako yupo."

Binti alimtazama. Nilingoja aulize aliyeandika ni nani. Hakuuliza. Nadhani alikuwa ameshafika mwisho wa nguvu zake, na sikio la mtu aliyechoka huchukua linachokiweza.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

Shangazi hakukana. Binti akaanza kulia, kilio kile cha mtu aliyetua mzigo, kikubwa, cha kuishiwa pumzi, na shangazi akasogea akamshika, na binti yule, aliyekuja kumchukia, akalilia begani mwake kwa sababu hapakuwa na bega lingine. Kisha akajikusanya, akaondoka. Karatasi alituachia.

Nilimgeukia shangazi nikawaka. Nilimwambia amejichongea, kesho yule binti atakwenda kwenye kamati na kusema Bi Namba amekiri, na wale waongo wote watalala usingizi wa watoto. Kwa nini hakumwambia yote?

"Ningemwambia yote angerudi kule kule kuzungushwa," akasema. "Umemwona alivyo. Mwache apate pa kuishia."

"Na wewe?"

"Mimi nitazoea."

Ikawa kama nilivyosema. Binti alikwenda kwenye kamati, kamati ikaandika kwamba mhusika amekiri, ikafunga kazi yake. Muhuri yupo kazini. Fundi yupo kazini. Mwenye pumzi, sijui, na sijamtafuta, kwa kuwa najijua.

Shangazi hakuzoea. Zamani nyumba yetu ilikuwa ya mtu kusukuma mlango na kupita, jirani akiomba chumvi anaikuta mezani. Sasa mlango una komeo mchana kutwa, na yeye ndiye mwenye kuufungua. Nikitoka kununua uzi nikirudi, nabisha hodi, nasikia kandambili zake zikija na kusimama upande wa pili. Anauliza ni nani. Namjibu ni mimi, shangazi. Ananyamaza, nasikia anavyosikiliza, kisha anauliza tena, mimi nani. Yeye aliyenilea. Namtajia jina langu, halitoshi, namtajia la baba yangu, kaka yake, na la mama yangu, nikiwa nimesimama juani na kifurushi cha nyuzi mkononi, ndipo anapovuta komeo, na hata hapo huufungua kidogo tu kwanza, anitazame uso.